Bisi za Misa ya Dafrosa

Nachingwea, Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Dafrosa, mama Happy,

Dada yako amepiga simu. Siku hizi Lusiana hasalimii, anatoa taarifa. Amesema Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya misa yako ya kutimiza mwaka, atakuja kutoka Ruangwa na gari la mizigo. Watu wakishakula, gari litabeba kitanda changu, sanduku langu na mimi. Nikaishi kwake. Eti mwanamume aliyefiwa na mke hawezi kukaa peke yake anatafuna mihogo mibichi na kuongea na kuku.

Nikamwambia siongei na kuku. Ni kweli. Naongea na wewe. Kuku wanakuwepo tu.

Amesema Happy naye ameafiki. Happy wetu! Amejifungua juzi kule Mtwara, hawezi hata kupanda basi, lakini kumuuza baba yake ameweza.

Hapo ndipo nilipojiponza. Ningesema nitafikiri, yangeisha. Badala yake nikasema mimi najiweza, na siku ya misa wageni wote watakula kitu kilichotoka mkononi mwangu. Akauliza kitu gani. Mbele yangu, ukutani, ilikuwa inaning'inia sufuria yako. Nikasema: bisi. Bisi kama za Dafrosa.

Akasema haya shemeji, nikikuta bisi tutazungumza, nikikuta mkaa panda garini.

Sijawahi kukaanga bisi tangu nizaliwe. Wewe ulikaanga, mimi nilikula. Tulikuwa tumegawana kazi vizuri sana.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeanza kwa kukumbuka. Kukumbuka hakuunguzi mafuta.

Jumapili jioni, jumuiya ikishasali rozari barazani kwetu, ulikuwa unainuka bila kusema neno. Sufuria jikoni, mafuta, mahindi, kifuniko. Unakamata masikio ya sufuria kwa ncha za khanga, unatikisa. Kwanza moja. Ta! Unatabasamu. Kisha nyingine. Kisha fujo tupu, kama mbuzi wamepanda juu ya bati. Ulikuwa unatikisa na kiuno pia, ingawa ulikataa kila nilipokuambia. Chumvi mwishoni, na kila mara ilizidi kidogo. Tukamaliza maji ya mtungi, tukalala matumbo yakinguruma.

Mbegu ni ile ile yako: punje ndogo nyekundu, ncha kali kama jino la panya. Nilipanda mwenyewe shambani Ruponda, pembeni ya mikorosho, mahali pako pa siku zote. Nimevuna. Mengine nimepukuchua, mengine bado yako kwenye magunzi yake juu ya dari la jikoni.

Jaribio la kwanza, kwenye jiko la gesi alilonunua Happy. Yamepasuka machache. Na hayo machache yamepasuka kwa uvivu, nusunusu, kama mtu aliyeamshwa mapema. Mengine yamebaki chini ya sufuria yananitazama.

Nikakaa nikafikiri. Nimejua ugonjwa! Mimi ni mtu wa korosho, Dafrosa. Korosho mbichi hailii ukiitikisa, na ghalani wanakurudisha nayo nyumbani. Dawa yake ni moja: jua. Haya mahindi ni mabichi tu.

Kesho naanika.

Jumatano, 9 Oktoba

Turubai la korosho uani, bisi juu yake, mimi na reki nageuza kila jua linaposogea. Kazi safi. Nimejisikia kijana.

Akaja Mbaruku. Jirani ni yule yule, hajabadilika, na utani wake vilevile. Unakumbuka haki ya watani wa ukoo wetu. Ila walivyoidai kwako hukumbuki, maana siku hiyo ulikuwa umelala. Siku ya mazishi yako alishuka kaburini, akakaa humo, akasema hatoki mpaka wafiwa watoe jogoo, kwa sababu Mama Happy alimnyima bisi mara moja mwaka fulani. Padre alisubiri. Watu wakacheka huku wanalia. Nilitoa jogoo. Mpaka leo sijui ningeivuka vipi ile saa bila kile kicheko.

Leo amesimama kichwani mwa turubai, mikono nyuma, kama karani wa ghala. Ameuliza mnada wa bisi utakuwa lini. Ameuliza zimepata daraja la kwanza au zitaliwa na mwenye mali. Kisha akachota konzi moja, akatikisa sikioni, akasema: "Mtani, hizi zinalia. Sasa tikisa na kichwa chako tusikie."

Nimemjibu kwamba mtu asiyeweza hata kuchemsha chai hana la kusema. Akasema kweli, ndiyo maana alioa Sofia. Kisha akagundua alilosema. Akashika reki, akanigeuzia upande wa pili.

Ijumaa, 11 Oktoba

Jaribio la pili. Bisi zimekauka vizuri kabisa. Zinalia kama njuga.

Hakuna hata moja iliyopasuka. Hata moja! Nimetikisa mpaka bega likaomba radhi. Zimepiga weusi, zikatoa moshi, moshi ukajaza jikoni, ukatoka dirishani kutafuta watu.

Ukampata Scholastika, mwenyekiti wetu wa jumuiya. Amekuja mbio na ndoo ya maji. Nikamwambia nafukuza mbu. Amenitazama, akatazama sufuria, akasema kwa moshi huo mbu watakufa, ila wajane watatangulia. Ameuliza kwa upole kama jumuiya ilete mchele siku ya misa. Nikamshukuru, nikasema kila kitu kiko tayari.

Alipoondoka nimekaa kwenye kigoda chako, nikasugua sufuria kwa majivu. Ina mbonyeo ule wa siku uliyomtupia nyoka. Nyoka alikuwa mkanda wangu.

Nimefikia uamuzi. Hazijakauka vya kutosha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Uani kuna kivuli cha mpapai. Juu ya bati hakuna kivuli. Nikaazima ngazi kwa Mbaruku, nikapanda na beseni, nikatandaza mahindi juu ya bati lote la jikoni. Joto la kukaangia bila gesi! Nilishangaa kwa nini ukoo mzima wa wanadamu haujafikiria jambo hili.

Nikageuka nishuke. Ngazi hakuna.

Mbaruku alikuwa chini, amelalia ngazi yake kama mkeka. Akatangaza kwa sauti kwamba ngazi imekamatwa na watani, na mfiwa aliye juu alipe jogoo. Nikamwambia msiba una mwaka. Akasema utani hauna kalenda. Wapita njia wakaanza kusimama. Mmoja aliuliza kama nimepanda kukwepa ushuru. Raudha, binti yake Mbaruku, akanipiga picha kwa simu, akasema, "Babu, cheka kidogo, unatrendi."

Sikuwa na namna. Nimetoa jogoo, yule mwekundu mwenye majivuno. Lakini nimeweka sharti: asiseme kwa mtu nilikuwa napanda kufanya nini. Ameapa. Dakika hiyo hiyo amemweleza mkewe kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Nimebuni mpango mzuri kuliko yote. Nitamchimba Lusiana siri yako bila yeye kujua anachimbwa.

Nikapanda basi hadi Ruangwa na furushi la korosho mpya, eti nampelekea shemeji zawadi. Amenipokea vizuri. Kabla hata ya maji ya kunywa akanishika mkono kunionyesha chumba.

Ameshakitengeneza, Dafrosa. Kimepakwa chokaa. Chandarua kimefungwa. Kiti kimewekwa dirishani, kinatazama barabara, maana anajua napenda kuona wapitao. Ameshona mwenyewe kitambaa cha meza. Alikuwa anakinyoosha kwa kiganja huku anaongea mambo mengine, na nikaona amezeeka. Ana mikono yako.

Chumba kizuri. Hakina kosa. Hakina tu msumari hata mmoja uliougonga wewe.

Nikasema asante shemeji. Nikala. Kisha, taratibu, kama mtu anayeulizia mvua, nikamwambia nina rafiki ambaye bisi zake hazipasuki.

Akauliza huyo rafiki aliziweka wapi.

Nikasema nasikia alizianika.

Akaacha kutafuna. Akauliza siku ngapi. Nikasema rafiki hakumbuki, ila jua lilikuwa kali. Ameeleza kwamba punje ya bisi inataka ibaki na unyevu kidogo moyoni, huo ndio unaoisukuma ipasuke. Mtu akianika kama korosho ameua. Anyunyizie maji kidogo tu, afunike, aache zinywe. "Na umwambie huyo rafiki yako," akasema, "mwenye shati la mistari kama hilo lako, kwamba gari ni Jumamosi."

Mpango umefanikiwa. Hajashtuka hata kidogo.

Jumatano, 16 Oktoba

Juzi jioni niliporudi nilifanya alivyosema. Amesema maji kidogo. Lakini mimi nilikuwa nimeanika uani na juu ya bati, deni la maji ni kubwa. Nikaweka mahindi yote kwenye ndoo, nikajaza maji mpaka juu, nikafunika na gunia.

Leo nimefunua.

Yameota.

Yote, mama Happy! Vimkia vyeupe kila punje, kama viluwiluwi. Yale uliyoyapenda, niliyoyalima kwa mkono wangu, yamesimama kwenye ndoo yanaomba shamba. Nimecheka. Kisha nimekaa chini kabisa, mgongo ukutani, sikucheka tena.

Sofia, mke wa Mbaruku, aliniona pale. Hakuuliza. Ameingia, amefagia jikoni, amebandika ugali, ametoka. Mlangoni amesema yale yaliyoota kuku watafurahi. Kuku wamefurahi.

Yamebaki yale ya darini tu, ambayo hayakupukuchuliwa. Magunzi machache. Nikiyakaanga yakaharibika, sina bisi, sina mbegu, sina nyumba.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimeshindwa kuvumilia. Asubuhi nimekwenda stendi kwa yule kijana mwenye mashine ya bisi ya kioo, nikanunua mfuko mkubwa. Nia yangu: nizifiche chumbani, kesho nizimwage kwenye sufuria nikiwa nimefunga mlango, nitoke nazo nikipangusa jasho. Nani angejua?

Nimefika nyumbani nimefungua. Ni za rangi. Nyekundu, njano, nyingine kijani kama sare ya shule. Na zina sukari.

Dafrosa hakuwahi kukaanga bisi ya kijani. Hata Padre angejua.

Nimezila mwenyewe, mlango umefungwa, mpaka meno yakanata. Hazina ladha ya kitu chochote. Hazikunipa hata kiu.

Jioni nimeshusha magunzi ya darini. Yamekaa mazuri, yana uzito kidogo mkononi. Nimepukuchua kwa kidole gumba kama ulivyonifundisha mwaka tulipooana, safu moja kwanza, nyingine zifuate zenyewe. Gunzi moja nimeliacha zima kwa ajili ya mvua. Nimejiambia hata nikiishi Ruangwa, Ruponda nitakuja kupanda.

Jumamosi, 19 Oktoba

Misa imekuwa nzuri. Padre amelitaja jina lako lote, pamoja na la ubini, na hakukosea. Kaburini Scholastika ameongoza wimbo, akaanza juu mno, tukafia njiani wote. Ungecheka.

Kisha nyumbani. Uani pamejaa watu. Jumuiya yetu, watu wa Kiegei wa upande wa mama yangu, Mbaruku na kofia yake safi, Sofia tayari yuko kwenye mafiga na masufuria makubwa. Scholastika alileta mchele ingawa nilikataa. Nilijifanya sijauona.

Na nje ya ua, gari la mizigo la Lusiana. Nyuma tupu. Limefagiliwa.

Dada yako hakukaa na wageni. Amevuta kigoda hadi mlangoni mwa jikoni, mkoba mapajani, kama msimamizi wa mtihani. Akasema: "Haya shemeji. Tuone."

Watu wote wakasogea. Mafuta. Punje moja ya kujaribia. Nikasubiri. Ta! Nikamwaga yote, nikafunika, nikakamata masikio ya sufuria kwa khanga yako, ile ya ndege, nikatikisa. Kimya. Kimya. Jasho likaingia jichoni. Lusiana akafungua mkoba, akafunga.

Kisha moja. Kisha mbili. Kisha mbuzi wote wakapanda juu ya bati!

Nilikuwa karibu kulia, naapa. Ndipo nikasikia nyuma yangu: "Watani hatujala! Kifuniko kimekamatwa!"

Mbaruku. Aliruka kizingiti, akanyakua kifuniko kwa pindo la kanzu, akakimbia nacho nje akikipiga kama ngoma na kudai jogoo wa pili.

Dafrosa, zikaruka. Sijaona kitu kama kile. Bisi juu, bisi ukutani, bisi kwenye taa, bisi zinapita dirishani kama zina safari. Nikaifunika sufuria kwa kifua changu, nikaungua tumbo, nikaacha. Wageni wakainama. Kuku wakaingia. Moja kubwa nyeupe ikamtua Lusiana katikati ya kilemba chake, ikakaa pale kama ua.

Ua mzima ukamgeukia. Nikasema moyoni, kwaheri nyumba.

Lusiana akapandisha mkono polepole, akaitoa, akaitazama, akaila. Bega lake likaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mama Happy! Kicheko ambacho sijakisikia tangu tukuzike, mpaka mkoba ukaanguka. Alipopata pumzi alituambia kwamba mlipokuwa wasichana kule Mandawa, mama yenu alikuwa hawezi kukuacha karibu na sufuria, maana lazima ungefunua uone zinavyochanua. Bisi zilikuwa zinanasa kwenye nyasi za paa. Mlikuwa mnalala mkitazama juu, na panya wakila wewe ulikuwa unawatetea.

Miaka yote hii hukuwahi kuniambia hilo. Nilifurahi kupata kitu chako kipya.

Watu wameokota bisi popote zilipo, wakapuliza vumbi, wakala. Wengine walikinga vitenge, zile za mwisho zikadondoka humo humo. Raudha alipanda kiti kutoa zilizo kwenye taa. Mbaruku alikaa mlangoni na kifuniko chake mpaka Lusiana mwenyewe akamwambia kwa jogoo huyo ataambulia mkia tu. Walitukanana vizuri sana, kwa heshima zote. Sofia akapakua wali bila kuuliza sahani ziko wapi. Anajua ziko wapi.

Lusiana alitazama yote yale kwa muda mrefu. Hakula wali. Alitazama tu ua.

Jua liliposhuka akanifuata. Akasema: "Shemeji, kaa kwako. Nilidhani nakuja kukutoa kwenye upweke. Hapa hakuna upweke, kuna fujo." Akasema kile kiti cha dirishani kitabaki, nikija kusalimia nikalie.

Gari limeondoka limebeba watu wa Kiegei, anawashusha njiani. Wanaimba.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeamka nyumbani. Kwangu.

Nimefikiri kwa kina kwa nini dada yako ameniachia, na jibu liko wazi: ni upishi wangu. Alionja ile bisi moja akaelewa. Mtu anayekaanga namna ile hahitaji kuangaliwa. Mbaruku anasema hapana, anasema sababu ni nyingine, lakini alikuwa anasema mdomo umejaa, na watani hawaaminiki.

Leo baada ya misa Scholastika ametangaza watoto wa kipaimara watakuja mwezi ujao pamoja na Askofu, akauliza nani atachukua vitafunwa vya chai. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nimesema vitumbua. Vya watu wote. Scholastika ameniuliza kama nina hakika, nikamwambia aliniona Jumamosi. Sofia amejitolea kunielekeza. Nimemkatalia kwa adabu. Kitumbua ni nini? Unga, moto, mafuta, unageuza. Sijawahi kupika hata kimoja, lakini nimekula vyako vingi.

Leo hakuna aliyekaanga chochote barazani baada ya rozari. Watu walikaa tu, hawakutaka kuondoka. Mzee mmoja alitaja jina lako, kila mtu akaongeza neno lake, mpaka giza likaingia tukawa tunasikilizana sauti tu.

Hapa tunakutaja, Dafrosa, unasikia. Na huko uliko, ukipata nafasi ya kusema neno, nikumbuke na mimi.

Saturnini wako